Msitupe Vidonge Madhabahuni

Usiache dawa ya kifafa ghafla.

Nimeanza na sentensi hiyo kwa makusudi. Kuna atakayesoma mstari mmoja tu na kuweka gazeti chini, na huyo naye aondoke na kitu. Usiache dawa ya kifafa ghafla. Umeombewa, usiache. Umefunga siku tatu, usiache. Hujaanguka tangu Pasaka, usiache.

Hali ni hii. Kwenye mikesha, kwenye viwanja vya mikutano ya injili, na siku hizi kwenye simu, mgonjwa wa kifafa huitwa mbele. Huwekewa mikono, hupakwa mafuta, huulizwa kama anaamini. Akisema ndiyo, hutakiwa athibitishe kwa kuacha vidonge. Wengine huvimwaga pale pale. Watu hupiga vigelegele. Ushuhuda umepatikana, kamera imeuchukua.

Kamera haimsindikizi nyumbani.

Zamani jambo hili lilikuwa la nabii huyu au yule, na lilikufa na mtaa wake. Sasa video ya dakika mbili inafika Korogwe, Mbozi na Goma siku hiyo hiyo. Mgonjwa anaweza kutupa dawa zake akiwa peke yake jikoni, bila hata mchungaji wa kumuuliza kesho yake anaendeleaje. Ndiyo maana napiga mbiu leo, kabla msimu wa mikutano haujaanza.

Nieleze mtego ulivyo, maana ni mtego.

Dawa wanayopewa wengi vijijini ni fenobabitoni. Ni ya bei nafuu, ni ya siku nyingi, na wengi huimeza mara moja kwa siku, usiku. Tabia yake moja ni kwamba haitoki mwilini haraka. Ukiiacha leo, kesho bado imo kwenye damu. Keshokutwa imo, imepungua. Kwa hiyo aliyetupa vidonge Ijumaa huamka mzima Jumamosi, huamka mzima Jumapili, na Jumapili hiyo husimama mbele ya kanisa kushuhudia. Hadanganyi. Anaamini anachosema. Lakini kinachomshikilia pale mbele ni vidonge vya wiki iliyopita.

Kisha vinaisha.

Ubongo uliokuwa umetulizwa unarudi kwa kishindo. Mtu anaanguka, anakakamaa, anatetemeka, na kabla hajazinduka anaanguka tena. Kifafa kikipita dakika tano bila kukoma ni dharura. Kikiachwa kifululize kinaharibu ubongo, na kinaua. Mtu aliyekuwa akianguka mara moja kwa mwezi anaweza kufa kwa usiku mmoja.

Nayajua haya kwa sababu ya mdogo wangu.

Alikuwa na miaka miwili alipopata degedege. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Bibi alikataza asichomwe sindano, maana ilisemwa mtoto wa degedege akichomwa sindano hafiki jioni. Degedege, wazee walisema, ni ndege anayepita juu ya nyumba usiku. Akafukizwa kinyesi cha tembo. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajitambui. Malaria ilipona. Kifafa kilianza miaka mitano baadaye.

Alipopewa dawa, kuanguka kulipungua, kisha kukakoma. Ulipita mwaka mzima na miezi juu yake. Ndipo tulipompeleka kwenye maombezi, na kusema kweli tulikwenda kushukuru, hatukwenda kuomba. Mwombeaji akatuambia kwamba anayeshukuru huku anameza vidonge ameshukuru nusu.

Siku ya tisa baada ya kuacha vidonge alianguka alfajiri. Siku ya kumi alianguka mara tatu. Usiku wa siku ya kumi na moja kifafa hakikukoma. Gari la kwanza lilipita saa kumi na mbili asubuhi, na hapo hatukulihitaji tena. Alikuwa na miaka kumi na minne.

Mwombeaji alituma ujumbe kwamba imani yetu ilikuwa haba.

Mama hakuacha kuamini. Watu hushangaa nikisema hivyo. Alikaa kimya miezi mingi, akienda kanisani na kurudi bila kuimba. Kisha siku moja alitoka sokoni na kaunta buku mpya, akaipiga mistari kwa rula ya shule, akaanza kuandika majina ya wenye kifafa katika usharika wetu. Alipata saba ambao hatukujua hata kama wapo. Mmoja alikuwa akifungiwa chumba cha uani. Mama aliishia darasa la saba, si muuguzi. Alichoanza kufanya, na anachofanya mpaka leo, ni kupita nyumba kwa nyumba kila wiki na kuhesabu vidonge.

Mwinjilisti mmoja mzee aliyewahi kuhudumu hospitali ya Lutindi ndiye aliyemsimulia mama kwamba alichokifanya kilikwisha kufanywa na mwingine.

Januari 1869, katika kijiji cha Dellwig huko Ujerumani, kifaduro kiliingia nyumba ya mchungaji. Friedrich von Bodelschwingh na mkewe Ida walikuwa na watoto wanne. Ndani ya wiki mbili walizika wote wanne. Wote. Baba huyo alikuja kusema baadaye kwamba vifo vile ndivyo vilivyomfundisha kuwahurumia wengine. Mimi sipendi maneno hayo yakisemwa na mtu aliye nje ya msiba. Yakisemwa na aliyezika wanne, nanyamaza.

Miaka mitatu baadaye, 1872, alikabidhiwa nyumba ndogo ya wenye kifafa karibu na mji wa Bielefeld, iliyokuwa imeanzishwa 1867. Ikaitwa Bethel, nyumba ya Mungu. Wenye kifafa wa nchi ile walikuwa kama wa kwetu: hawaoi, hawaajiriwi, hawalali kitanda kimoja na mtu. Bodelschwingh aliwajengea makazi, akawapa kazi. Palikuwa na mashamba, karakana, tanuri la matofali, kanisa. Mtu alianguka, akainuliwa, akarudi kwenye kazi yake. Hakuna aliyeambiwa kwamba kuanguka kwake ni ushahidi wa imani ndogo. Bodelschwingh alipofariki 1910, Bethel ilikuwa mji ndani ya mji, na wakazi wake walikuwa maelfu.

Sasa sikiliza jambo hili moja.

Fenobabitoni ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912. Miaka miwili baada ya yeye kufa. Enzi yake palikuwa na bromidi tu, dawa iliyowafanya wengi wasinzie na kutoka vipele. Bodelschwingh alikuwa na imani, hakuwa na kidonge tulicho nacho sisi. Alichokosa katika dawa alikifidia kwa nyumba, mkate, kazi na watu wa kukesha kando ya kitanda.

Sisi tuna imani na kidonge. Tunatupa kidonge.

Habari ya Bethel si ya mbali kama inavyosikika. Shirika la misheni alilolilea Bodelschwingh ndilo lililofika Usambara, likafungua Mlalo mwaka 1891. Na Lutindi, juu ya milima ya Korogwe, palianza 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani; mwanzoni mwa karne ya 20 pakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mojawapo ya kongwe kabisa Afrika Mashariki. Leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Watu wa milimani wanaijua njia ile ya kupanda. Wajukuu wa waliotibiwa pale ndio wengine tunaowaona leo wakimwaga vidonge kiwanjani.

Upande mwingine wa nchi, Mahenge, kulikuwa na jambo la namna hiyo. Mwaka 1960 daktari kijana kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kama Jilek-Aall, alikuta miongoni mwa Wapogoro watu wengi ajabu wenye kifafa. Walikuwa na makovu ya moto. Walilishwa kwenye chombo chao peke yao. Aliwaona pia watoto waliotikisa kichwa kama wanaosinzia, hali ambayo miongo baadaye ilikuja kuchunguzwa na watafiti wa nchi nyingi. Alifungua kliniki, akagawa fenobabitoni. Waliokuwa wamefungwa ndani wakaanza kulima.

Kidonge kile kile.

Ninataja kutengwa kwa sababu ndiko kunakowasukuma watu kwenye viwanja vya miujiza. Mtu akianguka sokoni, wengine hukimbia. Husema povu la mdomoni linaambukiza. Husema, na niwie radhi kwa kulisema wazi, kwamba akitoa ushuzi wakati ameanguka, aliye karibu ataupata ugonjwa. Upuuzi. Kifafa hakiambukizi kwa povu, kwa ushuzi, kwa sahani wala kwa kitanda. Lakini mtu anayekimbiwa hivyo atamfuata yeyote atakayemgusa kichwa bila woga. Nabii anamgusa. Sisi tulimkimbia.

Na tusimwekee nabii lawama yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao milioni 50 wana kifafa duniani, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata utambuzi na dawa sahihi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta takriban theluthi mbili ya wenye kifafa hawako kwenye matibabu. Wengi hao hawakutupa dawa. Hawakuwahi kuipata, au zahanati iliishiwa, au nauli ilishinda. Kila aliye na vidonge mkononi ni mmoja wa wachache waliofikiwa. Huyo ndiye tunayempigia vigelegele avimwage.

Najua jibu litakalotolewa. Litatoka Mathayo 17, kwa kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini, ambaye baba yake alimleta kwa Yesu. Biblia yetu ya Kiswahili inautaja ugonjwa wake kwa jina, kifafa. Naam. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Sioni mahali ambapo baba yule anaambiwa atupe alichokuwa akimpa mwanawe. Naona baba aliyemshika mtoto asiungue kwa miaka. Na yuko mfalme Hezekia, ambaye aliomba, akalia, akaahidiwa uhai na nabii mwenyewe, kisha nabii huyo huyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Isaya hakuona haya kuagiza dawa. Huyu wetu wa kiwanjani anaona haya gani?

Mimi ni mzee wa kanisa. Naomba kila siku. Sisemi Mungu haponyi. Nasema aliyeponywa ataonekana kwa vipimo na kwa muda, na daktari atampunguzia dawa polepole. Kuna njia halali ya kuacha: mtu akikaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka, daktari anaweza kuipunguza kidogo kidogo kwa miezi. Muujiza hauharibiwi na miezi hiyo.

Kuna onyo jingine ndani ya historia ya Bethel, na wanaoisifu hupenda kulipita upesi. Julai 1933 serikali ya Wanazi ilitunga sheria ya kuwafunga kizazi watu kwa nguvu. Kifafa kilikuwa kwenye orodha. Hospitali za Bethel zenyewe zilitekeleza sheria hiyo. Nyumba iliyojengwa juu ya makaburi ya watoto wanne ilikubali kuwanyima wenye kifafa uwezo wa kupata watoto. Kisha, kuanzia 1940, zaidi ya watu 70,000 waliotoka katika nyumba za wagonjwa na walemavu waliuawa kwa gesi. Fritz, mwana wa Bodelschwingh aliyezaliwa baada ya msiba, ndiye aliyekuwa mkuu wa Bethel wakati huo. Alikataa kujaza fomu za kuwachagua wa kufa. Mchungaji mwenzake, Paul Gerhard Braune, aliandika waraka wa kupinga, akakamatwa. Wengi wa Bethel waliokoka. Wagonjwa wa Kiyahudi walichukuliwa Septemba 1940, wakauawa.

Ilianza na neno mzigo. Huyu anakula kiasi gani, analala kitanda cha nani.

Neno hilo nalisikia kwetu. Nalisikia katika vikao vya usharika, likisemwa kwa upole na watu wema, bajeti inaposomwa. Mzigo. Ukimwita mgonjwa pepo, unamwondolea dawa. Ukimwita mzigo, unamwondolea kitanda. Huduma ya kanisa inaweza kufa kwa njia zote mbili huku kwaya ikiendelea kuimba.

Wala tusiseme kwetu hakuwezi kufika mbali. Aprili 2023 msitu wa Shakahola, Kilifi nchini Kenya, ulianza kufukuliwa. Miili zaidi ya 400. Kabla ya waumini wale kufunga kula hadi kufa yalitangulia mahubiri dhidi ya shule na hospitali, na walioyasikia mapema waliyaona ni ukali wa dini tu.

Basi yafanyike haya, wiki hii.

Mchungaji, padri, mwinjilisti: Jumapili ijayo, kabla ya matangazo ya harusi, sema sentensi moja. Tunakuombea, na dawa yako endelea kumeza. Usiieleze sana. Irudie Jumapili inayofuata. Katika kanisa lako, anayekuja na mkutano wa maombezi aulizwe kwanza atawaambia nini wagonjwa kuhusu dawa. Akikwepa swali, asipewe kiwanja.

Mwenye kifafa: usingoje kibaki kimoja. Vikibaki vya wiki moja, nenda zahanati. Wakiwa hawana, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mama mjamzito, au unayetafuta ujauzito, usiache dawa kwa woga. Nenda mapema kwa daktari, kwa sababu zipo dawa, hasa valproati, zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni, na daktari ndiye wa kukubadilishia. (Na hiki si kifafa cha mimba. Kile ni ugonjwa wa shinikizo la damu kwa mjamzito, una dharura yake, ila majina yamewachanganya wengi.)

Wa nyumbani: mafiga yaondoke sakafuni. Anayeweza kuanguka asiachwe peke yake motoni, kisimani wala mtoni. Akianguka, msogeze mbali na moto, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza shingoni. Tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni. Usimkandamize. Usimnyweshe maji wala mafuta ya upako. Dakika tano zikipita, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuta usafiri. Namba ya bodaboda au ya jirani mwenye gari iandikwe ukutani leo mchana. Tusiitafute saa nane usiku kama tulivyoitafuta sisi.

Mtoto akipata degedege, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Sindano haimuui. Kuchelewa kunamuua, au kunamwachia kifafa.

Na kila usharika, kila jumuiya, iwe na mtu mmoja mwenye kaunta buku. Mmoja anatosha. Na sanduku dogo la fedha za dawa, kwa ajili ya siku zile zahanati inapoishiwa. Hatuhitaji kujenga Bethel nyingine. Gharama ya spika moja ya kwaya ingewanunulia vidonge wenye kifafa wa usharika mzima kwa muda mrefu.

Jumatano iliyopita nilimsindikiza mama kwenye mzunguko wake. Siku hizi anatembelea fimbo, na kaunta buku ni ya sita. Nyumba ya nne tulimkuta kijana wa miaka kama ishirini, fundi baiskeli, akiziba pancha huku anacheka. Alisimama akatuamkia, akatuletea mkeka. Mama akaomba pakiti ya dawa. Kijana akaileta, akasema, "Bibi, viko vya kutosha." Mama akavimwaga kwenye kanga, akavihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Kumi na saba. Akafungua kaunta buku. Vilipaswa kuwa kumi na mbili.

"Ijumaa nilifunguliwa, bibi," kijana akasema. "Na tangu hapo sijaanguka."

Mama hakubishana naye. Alivirudisha vidonge kwenye pakiti kimoja kimoja, akamwambia, "Vaa viatu, mwanangu. Zahanati wanafunga saa tisa na nusu."